Nani Alivunja Vioo?

Mvua za masika zilipoanza mwaka huu hapa Moshi, paa la chumba ninachohifadhia vitabu lilivuja kwenye kona ileile linapovuja kila mwaka, nami nikalazimika kuyatoa mafaili yangu yote ya kazi na kuyaanika barazani, upande usiofikiwa na manyunyu. Ndani ya faili moja la kijani nilikuta nakala ya barua ya mwaka 2004 niliyoiandika mwenyewe nilipokuwa mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya bweni ya mkoa huu, ambayo sitaitaja. Ilikuwa barua fupi. Iliwaarifu wazazi wa wanafunzi 94 wa kidato cha tano kwamba watoto wao wamesimamishwa masomo kwa siku 30 kwa kosa la kuharibu mali ya shule na kukataa kutoa ushirikiano kwa uongozi, na kwamba kila mmoja atarudi akiwa amefuatana na mzazi wake, na fedha za vioo mkononi.

Maneno yale ya kukataa kutoa ushirikiano ndiyo yaliyonifanya niketi. Vioo vilivyovunjwa vilikuwa 11. Hata kama kila kioo kilikuwa na mvunjaji wake, bado wanafunzi 83 waliondoka shuleni kwa kosa la kunyamaza, na saini iliyo chini ya barua ni yangu.

Chanzo cha yote kilikuwa maharage. Muhula ule mzabuni alituletea maharage yaliyobunguliwa, na mpishi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliyapepeta, akayaloweka, akayapika hivyohivyo, wadudu wakaelea juu ya mchuzi. Wanafunzi waliandika barua ya malalamiko. Mkuu wa shule alikataa kuisoma kwa sababu haikuwa na jina la mtu, iliishia na maneno "Sisi wanafunzi" tu, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni niliona hoja yake ni ya haki kabisa, kwani barua isiyo na mwenyewe hujibiwa vipi? Jumamosi usiku umeme ulikatika, kama ulivyokuwa ukikatika mara kwa mara siku zile, na uliporudi tulikuta madirisha ya stoo na ya ofisi ya walimu hayana vioo, na sakafuni mmejaa mawe. Asubuhi tuliwasimamisha mstarini tangu saa 12 hadi jua likawa kali. Niliuliza swali moja kwa namna zote nilizozijua. Kaka mkuu alikuwa amelala. Viranja wa mabweni walikuwa wamelala. Kwa ushahidi wa asubuhi ile, shule nzima ilikuwa imelala fofofo huku mawe yakijirusha yenyewe.

Viboko havikutufaa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, haziruhusu zaidi ya viboko vinne kwa kosa moja, tena mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Sisemi kwamba kanuni hizo zilifuatwa kila siku na kila mahali, kwa maana kila aliyesoma nchini anajua yaliyokuwa yakitendeka. Ninachosema ni kwamba kiboko kinahitaji mtu mmoja mwenye jina, na huwezi kuandika "bweni la pili" kwenye safu ya jina. (Wazee wa Kichagga, nitaje kwa kupita tu, walikuwa na fimbo nyingine kabisa, mregho, iliyochongwa alama ambazo mwalimu wa vijana wa jando alizifuata moja baada ya nyingine akiwafundisha. Ilikuwa fimbo ya kufundishia.) Basi bodi ilikutana, ikakaa kwa saa mbili, ikaamua kwamba kama hatumpati mmoja, waende wote.

Nisingeyaandika haya kama si mpwa wangu, ambaye anasomea ualimu katika chuo kimoja cha Arusha na alikuja kupumzika kwetu wiki ileile niliyoanika mafaili. Alikuwa na kazi ya semina kuhusu historia ya nidhamu katika vyuo vya karne ya 19, hasa vya Marekani, na jioni tulikaa pamoja yeye akisoma, mimi nikigeuza karatasi zangu zikauke upande wa pili. Ghafla akacheka, akanisogezea alichokuwa akikisoma. "Mjomba, hebu ona hapa. Utafikiri ni ile shule yako."

Ilikuwa habari ya chuo cha Harvard, mwaka 1834. Mwalimu kijana wa somo la Kigiriki aitwaye Dunkin alimkaripia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza darasani, mwanafunzi akamjibu kwamba hayatambui mamlaka yake, na jambo ambalo lingeweza kwisha kwa kuitana ofisini likageuka vita. Madirisha yalivunjwa, samani zikapondwapondwa, ibada zikavurugwa, na sanamu ya kumdhihaki mkuu wa chuo ikatundikwa mtini. Mkuu huyo, Josiah Quincy, hakuwa mtu wa kutishwa na fujo, kwani kabla ya kuingia Harvard mwaka 1829 alikuwa meya wa Boston. Alipokosa wa kumshika, aliwaondoa chuoni karibu wanafunzi wote wa mwaka wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo desturi ya chuo haikulizoea: aliipeleka kesi kwenye vyombo vya sheria vya serikali, ili vijana watakaotambuliwa washtakiwe kwa uharibifu kama raia mwingine yeyote. Hilo la mahakama ndilo lililowachoma hasa. Hata wa madarasa ya juu, ambao hawakuwa wamerusha jiwe, walisimama upande wa waliofukuzwa, wakisambaza karatasi iliyochapwa ya kumchambua Quincy na tabia zake. Chuo kilikuwa kimejiita mzazi wao miaka yote. Sasa mzazi amewapeleka wanawe polisi.

Mpwa wangu aliniuliza kama sisi tuliita polisi. Hatukuita. Akauliza tena, kwa upole ule wa vijana unaoumiza kuliko ukali, "Lakini mlimpata aliyevunja?"

Hatukumpata.

Ili kumwelewa Quincy inafaa kukumbuka vyuo vile vilikuwa nini. Jina ni chuo, lakini ukitazama maisha ya ndani utaona shule ya bweni ya kwetu. Wengi waliingia wakiwa na umri wa kidato cha pili au cha tatu. Emerson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa, aliingia Harvard mwaka 1817 akiwa na miaka 14. Kengele iliwaamsha alfajiri kwenda ibada ya lazima, masomo yalikuwa ya kukariri na kumrudia mwalimu, na walimu vijana walilala mabwenini pamoja na wanafunzi kuwalinda, kazi ambayo hapa tungempa patroni. Quincy mwenyewe alibuni mfumo wa alama ambamo kila somo lililokaririwa vizuri lilimpa mwanafunzi alama 8, na katika jumla hiyohiyo zikapunguzwa alama za utoro wa ibada na utovu wa adabu. Ripoti zetu za shule, pamoja na kasoro zake zote, angalau zimeitengea tabia na mwenendo sehemu yake pembeni ya hesabu na Kiswahili. Pale Harvard mtu angeweza kujua Kigiriki kwa ufasaha akashuka daraja kwa sababu ya usingizi wa asubuhi.

Na chakula, naam, chakula. Kabla ya karne hiyo kuanza, mwaka 1766, Harvard ilikuwa imekwisha kuwa na mgomo wa siagi iliyooza, ukiongozwa na kijana aitwaye Asa Dunbar, babu wa mwandishi Thoreau. Mwaka 1807 palepale ikawa kabichi mbovu. Katika chuo cha Yale waligoma mwaka 1828 kwa ajili ya mkate na siagi. Nilipofika hapo nilimwambia mpwa wangu kwamba mzabuni wetu wa maharage bila shaka ana ukoo mrefu.

Kilichonishangaza ni jinsi njia ya kuadhibu ilivyokuwa ileile, chuo baada ya chuo. Katika chuo cha Princeton, mwaka 1807, wanafunzi watatu walisimamishwa masomo. Wenzao wakaandika barua ya kupinga, safari hii ikiwa na majina yao. Walimu wakamtaka kila mmoja aliondoe jina lake. Waliokataa, 125 katika chuo chenye watu 200 hivi, walisimamishwa wote. Hapo nililazimika kumkumbuka mkuu wangu wa shule na hoja yake ya barua isiyo na mwenyewe, kwa sababu vijana wa Princeton waliweka majina na majina yakawa ndiyo orodha ya kuwafukuzia. Watoto wetu hawakuwa wameisoma historia hiyo, lakini hakuna aliyehitaji kuwafundisha kwamba anayetangulia kusaini hutangulia pia kufungasha godoro.

Kisa cha Yale cha mwaka 1830 nitakaa nacho kidogo kwa kuwa nilifundisha hisabati za juu kwa zaidi ya miaka 20. Ubao ulikuwa kifaa kigeni darasani. Hadi wakati huo wanafunzi waliokuwa wakieleza mikato ya koni, yaani maumbo kama duaradufu yanayopatikana koni ikikatwa, waliruhusiwa kutazama michoro kitabuni huku wakiieleza. Maprofesa wakabadilisha, wakataka kila mmoja aende ubaoni na kuchora mwenyewe kutoka kichwani. Wanafunzi wakakataa kwa pamoja. Chuo kikawafukuza 43 kati ya 96 wa darasa hilo, na majina yao yakatumwa kwa vyuo vingine ili wasipokelewe. Sasa, kuhusu ubao, mimi niko upande wa maprofesa bila kusita. Mwanafunzi anayetazama duaradufu kitabuni anaitambua sura yake tu, lakini anayeichora, akasahau mahali pa nukta zake mbili, akafuta kwa kiganja na kuanza tena, ameshika kitu ambacho hakitamtoka hata akizeeka. Nimeyaona hayo kwa macho yangu kila mwaka, chaki ikipita kutoka mkono hadi mkono. Lakini kuwafunga vijana 43 milango ya vyuo vyote kwa sababu hawakutaka kwenda ubaoni ni kuonyesha kwamba shida haikuwa tena hisabati. Kilichoudhi ni kwamba walikuwa wengi na walisema kitu kimoja. Mmoja mmoja wangepewa onyo.

Adhabu moja yao ilituchekesha kwa sababu tunaijua vizuri. Mwanafunzi aliyezembea alipelekwa kukaa kijijini kwa mchungaji fulani, asome chini ya macho yake hadi muda wake utimie. James Russell Lowell, aliyekuwa amechaguliwa na wenzake kuwa mshairi wa darasa, alipelekwa hivyo Concord mwaka 1838 na kuikosa siku yake ya kulisoma shairi. Hapa mlimani mzazi akichoshwa na mtoto wa mjini husema, "Nitakupeleka shamba kwa bibi ukachunge," naye bibi kwa kawaida hufurahi kuliko alivyotakiwa. Lowell naye hakudhurika sana, maana huko Concord alikutana na Emerson na Thoreau.

Lakini chuo kilichonigusa hasa ni kile cha Virginia, nacho kilikuwa kimejengwa kwa imani iliyo kinyume cha haya yote. Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, alikianzisha mwaka 1819 na masomo yakaanza mwaka 1825, akitaka vijana wajisimamie wenyewe kwa kiasi kikubwa, bila walimu kuwapeleleza mabwenini. Haikufika hata mwaka. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1825 wanafunzi 14 waliofunika nyuso walitoka nje wakipiga kelele dhidi ya maprofesa waliotoka Ulaya, na katika vurugu za siku hizo chupa ikarushwa kupitia dirisha la profesa mmoja. Walimu walipotaka majina, wanafunzi zaidi ya 60 walitia saini karatasi ya kukataa kuwataja wenzao. Nililisoma hilo nikaiona asubuhi yangu ya mstarini, ila wenzetu walikuwa na ujasiri wa kuuandika ukimya wao.

Tarehe 3 Oktoba bodi ilikutana na wanafunzi wote mbele yake. Jefferson alikuwa na miaka 82, mgonjwa, na pembeni yake alikuwapo James Madison, rais mwingine wa zamani. Jefferson akasimama, akasema kwamba ile ni mojawapo ya saa chungu kabisa za maisha yake, kisha maneno yakamkwama. Machozi yakamzuia kuendelea, akaketi. Mjumbe mwingine wa bodi, Chapman Johnson, akasimama badala yake na kuwaomba waliohusika wajitokeze. Wakajitokeza. Watatu walifukuzwa, na mmoja wao alikuwa mtu wa ukoo wa Jefferson mwenyewe.

Nimelifikiria jambo hilo siku nyingi tangu mpwa wangu arudi Arusha. Ni vijana walewale waliokuwa wametia saini karatasi ya kutosema. Hawakuvunja ahadi hata wakati ule, kwa sababu hakuna aliyemtaja mwenzake. Kila mmoja alijitaja mwenyewe. Mimi, pale mstarini, niliuliza mara ishirini "nani alivunja," swali ambalo kwa sikio la mtoto wa bweni lina maana moja tu, mchongee mwenzako, na sikuwahi kuwapa nafasi ya kujibu lolote jingine. Sisemi kwamba ningelia mbele yao wangejitokeza. Pengine wangecheka, tena kwa haki, kwa kuwa mimi si Jefferson na maharage yalikuwa mabovu kweli. Nasema tu kwamba ile siyo adhabu ya kuvunja vioo niliyoitia saini. Niliwaadhibu kwa kitu ambacho wao kwa wao walikiona ni uaminifu, nikakiita ukosefu wa ushirikiano kwa sababu ofisini hatukuwa na jina lingine.

Machozi ya mzee hayakudumu, nalo lisemwe. Baadaye Virginia ilijaza sheria za kuamka alfajiri na kuvaa sare, na wanafunzi wakazijibu kwa ghasia juu ya ghasia, hadi usiku wa tarehe 12 Novemba 1840 profesa wa sheria, John A. G. Davis, alipotoka nje ya nyumba yake kuona ni nani wanaofyatua bunduki, akajaribu kumfunua uso mmoja wao, na kijana huyo akampiga risasi. Davis alikufa baada ya siku mbili. Alikataa kumtaja aliyemuua. Mshtakiwa, Joseph Semmes, alipata dhamana na kesi yake haikusikilizwa kamwe. Kwa hiyo katika jambo lililoanza na wanafunzi kukataa kutaja jina, wa mwisho kukataa alikuwa mwalimu. Mwaka 1842, kwa pendekezo la profesa Henry St. George Tucker, chuo kikaanza utaratibu wa mwanafunzi kuandika kwenye karatasi yake ya mtihani kwamba kwa heshima yake hakupata msaada, na kuaminiwa. Utaratibu huo ulikua na kuenea, na Virginia wanao hadi leo.

Heshima ya nani, lakini? Hapo mpwa wangu alinikatiza, na nampa sifa yake. Majengo yale yalijengwa kwa jasho la watumwa, watumwa walifagia vyumba vya wanafunzi na kuwabebea kuni, na mwanafunzi aliyempiga mtumwa mara nyingi aliondoka na adhabu ndogo au bila adhabu yoyote. Vijana waliokuwa tayari kupigana kwa sababu wameitwa waongo walikuwa wana wa mabwana, na walimu walikuwa wakijadili heshima yao huku mtumwa aliyepigwa hana hata safu ya jina kwenye daftari. Sikuwa na jibu. Nilimwambia aliandike hilo kwenye semina yake, tena mbele, si mwishoni.

Alipokuwa akifungasha aliniuliza kama kwetu hapajatokea kitu cha aina hiyo, nami nikamsimulia Oktoba 1966, ambayo kizazi chake kinaisikia kama hadithi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao kupinga mpango wa kulitumikia taifa kwa lazima, wa miezi kadhaa katika kambi za JKT na kisha miezi 18 ya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara, na bango moja lilisema kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere hakulia. Alikasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao; wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Naona katika wazee wale wawili uchungu mmoja wa kujenga nyumba na kutukanwa na uliowajengea. Tofauti ni kwamba vijana wa 1966 walikwenda mchana kweupe, nyuso wazi, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumuuliza yeyote kuhusu mwenzake. Adhabu yao unaweza kuipinga au kuitetea, lakini ilimwangukia aliyekwenda.

Wiki iliyopita mvua ilipopungua nilikwenda Mbuyuni kutafuta bati moja na misumari ya kuzibia ile kona. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliinuka nyuma ya kaunta kabla sijafungua mdomo. "Shikamoo, mwalimu." Nilimkumbuka kwa sauti kabla ya sura: kidato cha tano, bweni la pili, mwaka 2004, mmoja wa wale 94. Tuliulizana habari za watoto na za wazee wake, ambao wote wawili wametangulia, akaniambia kwamba barua ile ilipofika baba yake aliuza mbuzi ili kumlipia kioo. Nilimwomba radhi. Alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, akasema yameshapita. Basi, kwa kuwa imepita miaka mingi na hakuna tena bodi wala mstari, nikamuuliza ni nani aliyevunja.

Alicheka hadi fundi aliyekuwa akisubiri rangi akageuka kututazama. Kisha akavuta mzani karibu yake, akaweka mfuko juu.

"Mwalimu, misumari nikupimie ya nchi tatu au ya nchi nne?"